Dakika ya Sabini na Moja

Tumsifu anakaa mwisho wa benchi,
kompyuta juu ya mapaja, kanga juu ya kompyuta,
kuikinga na vumbi la Mtoni Kijichi.
Betri imebaki robo. Sisi tumefungwa moja.
"Kocha," ananiambia, haniangalii,
"toa beki mmoja. Sasa hivi.
Usingoje ya themanini na tano."

Mimi nina miaka thelathini na moja pembeni mwa chaki.
Goti langu la kushoto huijua mvua kabla ya redio.
Namjua atakayekosa penalti
kwa anavyofunga kamba za viatu,
namjua mwamuzi aliyeshiba na mwamuzi mwenye njaa.
Aliyenifundisha ni jua la saa tisa
na matusi ya watu wa Keko.

Nikamwambia habari za Tandika, mwaka wa tisini na nne:
nilitoa beki dakika ya sabini,
tukala manne kabla sijakaa chini.
Mashabiki walinisindikiza hadi mlangoni kwangu
wamebeba boksi la sabuni, eti jeneza langu.
Mtafunwa na nyoka, nikamwambia,
akiona unyasi hushtuka.

Akaivuta kanga vizuri.
"Na tangu siku ile, kocha,
umepita kwenye nyasi ngapi?"

Sikujibu. Uwanja wetu wenyewe ni mchanga mtupu.

"Basi," akasema, bila dharau
(heri ingekuwa dharau),
"miaka unayo thelathini na moja,
ila kwa jambo hili
una siku moja."

Mpira ulikuwa umetoka, umeingia uani kwa watu,
tunasubiri urushwe.
Nikaitafuta miaka yangu
kama mtu anayejipapasa mifuko mbele ya mwenye duka.

"Nimtoe nani?"
"Namba nne."

Namba nne ni Shomvi.
Mama yake katoka Muhimbili Alhamisi,
yuko kwenye kiti cha plastiki nyuma ya goli,
jezi ya mwaka juzi juu ya dera,
mara yake ya kwanza kumwona mwanawe akicheza.
Tumsifu ana safu ya pasi, ya mashuti,
ya mipira iliyonyang'anywa,
hata ya upepo.
Safu ya mama hana.

"Nikimtoa tutarudisha?"
"Sijasema hivyo. Mechi mia za namna hii,
sabini na mbili utapoteza tu.
Ukingoja, themanini na mbili."

Kumi.
Mechi kumi ndani ya mia,
na mimi napewa moja kila Jumapili,
tena mvua isiponyesha.

Nikainua mkono.
Shomvi akatoka anatazama viatu,
akapita mbele yangu kama anapita mbele ya ukuta.

Ya themanini na nane Vijibweni wakatufunga la pili,
palepale,
kwenye kile kipande cha mchanga alichokuwa akikilinda.
Uwanja ukaniita majina ya wazazi wangu.
Tumsifu akaandika kitu. Nikachungulia:
*Uamuzi sahihi.*
Nilitaka kucheka, nikakohoa.

Watu walipopungua mama akanijia,
taratibu, mkono mmoja ubavuni.
"Kocha, mwanangu kakosa nini?"
Ile kumi ilikuwa ulimini.
Nikaimeza pamoja na vumbi.
"Hajakosa kitu," nikasema,
na hilo lilikuwa kweli
na halikumsaidia.

Jumatatu nimenunua daftari, la kurasa mia.
Ukurasa wa kwanza: Tandika, beki, dakika ya sabini, manne.
Wa pili: Kijichi, beki, sabini na moja, moja zaidi.
Nimepiga mistari kwa rula kama nilivyoonyeshwa.
Zimebaki tisini na nane.
Mama Shomvi sikujua nimweke safu ipi,
nikamwandika ukingoni, wima,
inabidi ugeuze daftari
ndipo umsome.